MTO MSIMBAZI: MAJIRA YAKE NA MAJI YAKE MAKUU

(Maneno haya yalisomwa katika mkutano wa mwezi wa tawi letu, nayo yanachapwa hapa kwa ombi la wanachama ambao hawakupata nafasi ya kuhudhuria.)



Katibu wetu aliponiandikia kunitaka niseme nanyi jioni hii, alinipa ruhusa ya kuchagua jambo lo lote nilipendalo, ila siasa na mishahara. Mambo hayo mawili yakiisha kutolewa, mtumishi wa serikali habakiwi na mengi ya kusema. Basi nimechagua jambo ambalo wengi wetu tumepita juu yake leo asubuhi tukija kazini, wala hatukulitazama. Nalo ni mto Msimbazi.

Nisije nikadhaniwa kuwa mtaalamu, naungama kwanza kwamba sikusoma elimu ya mito wala ya hali ya hewa. Mimi ni karani wa masjala. Kazi yangu ni kuandika daftarini barua iliyoingia na barua iliyotoka, tarehe yake, namba yake na faili lake, nami nimeifanya muda mrefu hata vijana wa ofisini hunicheka kwa kuwa naziandika kwa kalamu hata zile ambazo mashine imekwisha kuziandika. Walakini ni tabia hiyo ya masjala iliyonifanya niujue mto, kama nitakavyoeleza. Nyumba yangu iko Magomeni, upande unaotelemkia bondeni, na maji yakiwa makubwa huyasikia usiku nikiwa kitandani.

Nitawakumbusha kwanza njia yake. Msimbazi huanza katika vilima vya Pugu, upande wa Kisarawe, kule kwenye udongo mweupe wa kaolini na mabaki ya msitu wa zamani. Hushuka ukapita Gongo la Mboto, na Vingunguti, na Tabata, na Kigogo, hata ukafika Jangwani, mahali ambapo barabara ya Morogoro yakata bonde. Kisha hupita kati ya Upanga na Hananasifu, ukaingia katika mikoko, ukapita chini ya daraja la Salenda, ukaishia baharini. Njia yote ni maili kama 22 tu. Mto wa maili 22 si mto wa kujivunia mbele ya watu wa Rufiji au wa Kagera. Lakini nchi imwagayo maji yake ndani ya mto huu ni zaidi ya maili za mraba 100, na mito midogo huingia njiani, kama ule wa Kinyerezi, na Luhanga, na Mto Ng'ombe utokao pande za Sinza. Na sehemu kubwa ya nchi hiyo sasa ni mapaa ya bati, na lami, na saruji. Maji yaangukayo juu ya mchanga, ardhi huyanywa kwanza ndipo huyaachia kidogo kidogo. Yaangukayo juu ya bati hayanywewi na kitu, yote huja mtoni, tena huja pamoja.

Sasa nije kwenye majira. Mgeni akifika Dar es Salaam mwezi wa Agosti, kusi inavuma, akasimama Jangwani, atauliza mto uko wapi. Mvua ya mwezi mzima ni kama inchi moja. Ataonyeshwa kijito cheusi ambacho mtoto wa miaka 10 akiruka. Maji ya wakati huo si ya mbinguni hata kidogo. Ni ya majumbani na ya viwandani, na rangi yake hugeuka kwa kadiri ya kazi za watu, si kwa kadiri ya mawingu. Wakulima wa mchicha na matembele hutandaza matuta yao hata karibu na ukingo. Yangeyange husimama kwenye matope kwa mguu mmoja. Watoto hupiga mpira katika uwanda ule mpana, na upepo ni wa baridi na mzuri. Mimi nadhani viwanja vingi vya bondeni viliuzwa mwezi wa Agosti.

Ikija demani upepo hulegea, ndipo tunangojea vuli. Vuli haina adabu. Mwaka mmoja huja kama mtu aliyefuata moto, hasubiri hata kukaribishwa. Mwaka mwingine huingia na mizigo yake yote isiondoke hata Krismasi. Wataalamu wametufundisha sababu mojawapo: maji ya Bahari ya Hindi yakipata joto zaidi upande huu wetu kuliko upande wa Indonesia, mawingu hukusanyika kwetu na vuli huwa kubwa. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 1961, na 1997, na 2019, na 2023. Wazee walioikumbuka vuli ya 1961 walikuwa wakisema mvua ile ilikuja pamoja na Uhuru, nao hawakukosea tarehe.

Kaskazi ikivuma, Januari na Februari, joto huwa kali na mto hurudi kuwa kijito. Kisha, kama katikati ya Machi, huanza masika, nayo ndiyo mvua kuu. Aprili peke yake huleta kama inchi 10, robo ya mvua ya mwaka mzima au karibu na hiyo. Katika juma la kwanza la masika mto hausafiki, bali huchafuka zaidi, kwa kuwa maji ya kwanza huzoa uchafu wote wa kiangazi uliolala katika mitaro: chupa, mifuko, makoti ya matairi, na godoro moja ambalo naapa huliona kila mwaka. Baada ya hapo rangi hugeuka kuwa ya chai ya maziwa, maana sasa unaona udongo wa Pugu wenyewe. Sauti nayo hubadilika. Maji machache huzungumza juu ya mawe na takataka. Maji mengi hunyamaza, kwa kuwa yamefunika kila kitu cha kuyapigisha kelele. Nawaomba mwalishike neno hili, maana watu wengi wa bondeni hulala kwa amani mto unaponyamaza, hali hiyo ndiyo saa ya kuamka.

Aliyenifundisha kuangalia mambo hayo si mtu wa ofisini. Ni mzee mmoja mlima mchicha, ambaye matuta yake yako chini ya nyumba yangu. Masika ikikaribia, yeye huyahama matuta ya chini kabla ya mvua kunyesha hata tone, akapanda juu hatua ishirini au thelathini. Nilimwuliza siku moja ajuaje. Akaniambia anatazama vyura, na matete, na siafu wanaohamisha mayai, lakini zaidi ya yote anatazama mahali ambapo maji ya mwaka jana yaliacha mstari wa takataka kwenye ua wa jirani. “Mto una kumbukumbu,” akasema, “wewe ndiwe usiye nayo.” Wazee wengine wa pwani walitazama nyota za Kilimia, huyu alitazama takataka, nami nadhani ishara yake kwa mto wetu ni bora kuliko ya nyota.

Kuna jambo jingine ambalo watu wa bara waliohamia mjini hulisahau, na hata sisi tuliozaliwa pwani tumeanza kulisahau kwa kukaa maofisini. Msimbazi una milango miwili. Mmoja uko Pugu, ambao maji huingilia. Wa pili uko Salenda, ambao maji hutokea. Mlango huu wa pili hauwi wazi sawasawa siku zote. Wavuvi wanajua vizuri. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, huwa bamvua: maji ya bahari hupwa mbali sana na hujaa juu sana, na tofauti yake katika bandari yetu ni futi 10 na zaidi. Katikati ya hizo, mwezi ukiwa nusu, huwa maji mafu, ambayo tofauti yake ni futi 3 au 4 tu. Tena siku za bamvua bahari hujaa karibu na saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, ikipita kidogo au ikipungua kidogo, mwezi hata mwezi. Basi fikirini mvua kubwa iliyonyesha Pugu usiku, ikashuka, ikafika mikokoni saa kumi alfajiri siku ya bamvua. Itakuta nini? Itakuta mwenye nyumba amesimama mlangoni, naye anaingia.

Sasa nitasema jambo ambalo sikupenda kulisema, lakini bila hilo hotuba yangu ni ya mtu anayezungumza habari za hewa kwa kupitisha jioni.

Mwezi wa Desemba 2011, siku chache baada ya sherehe za miaka 50 ya Uhuru, ilinyesha mvua mjini humu ambayo kwa zaidi ya miaka 50 haijapata kuonekana mfano wake. Ilianza tarehe 20. Inchi 6 zilianguka katika siku moja. Katika siku hizo za mvua, alfajiri moja, mvua ilikatika mtaani kwetu. Nilitoka nje nikaona nyota. Jirani yangu, mama mmoja ambaye nyumba yake iko chini ya yangu, alikuwa amesimama uani na mtoto mgongoni na bunda la nguo kichwani, akaniuliza, kwa kuwa mimi ni mtu wa serikali na huvaa tai: “Kaka, tuhame?” Nikatazama juu. Nikamwambia, “Mvua imekatika, dada. Rudi mkalale.” Akanishukuru akarudi.

Maji yalikuja baada ya muda usiozidi saa mbili, na nyota zilikuwa zimefifia kwa mapambazuko wala si kwa mawingu. Yalikuwa maji ya Pugu na ya Kinyerezi na ya Tabata. Mama yule na watoto waliokolewa darini jioni yake. Baba yake mzazi, ambaye alikuwa hawezi miguu, hakuokolewa.

Katika mji mzima walikufa watu zaidi ya 40. Serikali ikawahamisha wengi wa bondeni, mwanzo wa mwaka 2012, ikawapa viwanja Mabwepande. Wengine walirudi. Najua wako wanachama wanaowacheka waliorudi, nami nawaomba wasiwacheke kabla ya kupiga hesabu ya nauli ya kutoka Mabwepande mpaka Kariakoo kwa mtu auzaye maandazi.

Yule mama hakunilaumu siku ile wala hajanilaumu baadaye. Lakini mimi karani nilijua kosa langu liko wapi. Niliulizwa habari za mto, nikajibu habari za mbingu. Kama barua ingekuja ofisini kuuliza faili la Kigoma nami nikatoa la Kilosa, ningeandikiwa hati ya kujieleza. Na hili lilikuwa kubwa kuliko faili.

Basi mwezi wa pili wa mwaka 2012 nilinunua boriti ya mkoko, nikaichimbia ukingoni, nikaipiga rangi nyeupe na mistari myeusi ya futi na ya nusu futi. Masika ya kwanza ikaichukua, nami nikacheka kwa aibu. Ya pili niliifunga kwenye nguzo ya zege ya daraja la miguu, nayo haijaondoka. Na baadaye nikaacha boriti kabisa, nikachora mistari juu ya zege yenyewe. Tena nikafungua daftari. Kila siku ya masika na ya vuli naandika asubuhi na jioni: tarehe, saa, maji yako mstari gani, rangi yake, mbingu ya hapa ikoje, mbingu ya Pugu ikoje, na umri wa mwezi. Habari ya Pugu naipata kwa simu kwa ndugu yangu akaaye huko. Mwanzo alidhani nimeingiwa na wazimu, maana nilikuwa nampigia saa tisa usiku kumwuliza kama paa lake linalia.

Daftari hilo limenifundisha mambo ambayo kichwa hakiwezi kuyashika. Kwanza, mvua ya mtaani kwetu hupandisha maji kidogo tu, na hushuka upesi. Maji makuu karibu yote yametanguliwa na mvua ya juu, na kati ya simu ya Pugu na mstari wa futi 4 kwangu hupita saa mbili tatu. Saa mbili si haba. Katika saa mbili mgonjwa asiyeweza miguu aweza kuchukuliwa kitandani na vijana wanne akapelekwa barabarani, na vyeti vya watoto vikatolewa sandukuni, na mbuzi pia.

La pili lilinishangaza. Nilitafuta kalenda ya mwezi ya Desemba 2011 nione bahari ilikuwaje siku zile. Mwezi ulikuwa robo ya mwisho tarehe 18, na mwezi mpya ulikuwa tarehe 24. Maana yake, tarehe 20 maji ya bahari yalikuwa mafu. Siku zote nilikuwa nikidhani tuliangukiwa na kila baya kwa pamoja, kumbe bahari ilikuwa imetulia kadiri iwezavyo kutulia. Na hata hivyo yalitokea yaliyotokea. Kisha nikatazama Aprili 2018, mafuriko ya tarehe 14 hata 16, yaliyofunga barabara ya Jangwani, yakaingia katika karakana ya mabasi ya mwendokasi, na kuua watu zaidi ya 10. Mwezi mpya ulikuwa tarehe 16. Hayo yalikuja na bamvua. Sidai kwamba bahari ndiyo iliyojaza Jangwani. Mvua ndiyo iliyojaza. Wala sitaki kujifanya mhandisi nikapima sehemu ya mvua na sehemu ya bahari. Nasema tu kwamba mvua ya 2011 haijapata kutujia siku ya bamvua, nayo haina ahadi na mtu kwamba haitakuja.

Mwenzetu mmoja aliniambia juzi, kwa upole, kwamba kazi yangu imepitwa na wakati, kwa kuwa siku hizi Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa tahadhari na kila mtu huipata kwenye simu. Namheshimu, na tahadhari zile nazisoma kila siku. Lakini someni vizuri zinasema nini. Zinasema mvua kubwa ya zaidi ya milimita 50, yaani inchi 2, yaweza kunyesha ndani ya saa 24 katika mikoa fulani. Hiyo ni kazi yao na wanaifanya. Hawawezi kusema kama maji yatapanda hata ngazi ya tatu ya nyumba ya mama yule. Hilo lajulikana na mtu aliye karibu na ngazi, tena aliyeandika mwaka jana na mwaka juzi. Mwaka 2015 vijana wa vyuo vikuu, katika kazi iliyoitwa Ramani Huria, walizunguka mitaani pamoja na wenyeji wakichora mitaro na nyumba na mahali maji yalipofika. Walipofika kwetu hawakuuliza mitambo. Waliwauliza wazee, na wazee wakaonyesha kwa kiganja ukutani, “hapa,” na mwingine, “la, hapa,” kwa tofauti ya futi nzima. Ingalikuwako daftari, wasingalibishana.

Ofisi zetu zina heshima katika jambo hili kuliko tunavyojua. Katika kisiwa cha Roda, Misri, iko nguzo ya kupimia mto Nile iliyojengwa mwaka 861, na makarani wa nchi ile waliandika kimo cha maji mwaka hata mwaka, karne hata karne. Na karibu zaidi na kwetu, maji ya Ziwa Victoria yamepimwa na kuandikwa tangu mwaka 1896. Ziwa lilipopanda baada ya mvua za 1961, likapanda zaidi ya futi 6 hata kufikia 1964, iliandikwa. Nalo lilipopanda tena mwezi wa Mei 2020, likafunika magati na mashamba ya ufukoni katika nchi zote tatu, watu waliweza kusema kwa hakika kwamba limefikia alama ile ile ya 1964 na kuipita kwa kiasi kidogo sana. Hawakusema “halijapata kuonekana.” Maneno “halijapata kuonekana” ndiyo husemwa na mtu asiye na daftari, nami mwenyewe nimekwisha kuyasema jioni hii kwa habari ya mvua ya 2011, kwa kuwa mvua ilikuwa na daftari lake lakini mto wetu haukuwa nalo.

Nisiache kutaja kwamba kitanda cha mto wenyewe chabadilika, na hivyo alama za zamani hudanganya. Udongo na mchanga kutoka juu hushuka na kulala Jangwani, ambako mteremko ni mdogo, na takataka huusaidia kulala. Chini ya daraja hujaa, mashine huja ikazoa, hujaa tena. Kwa hiyo mvua ile ile iliyofika futi 4 miaka kumi iliyopita yaweza kufika futi 5 leo bila mbingu kubadilika. Mimi hupima kina cha mchanga kila Septemba kwa fimbo, nikakiandika ukurasa wa nyuma.

Wengine mtaniuliza: si serikali inatengeneza bonde lote? Naam. Mwaka 2022 Benki ya Dunia ilikubali kukopesha dola milioni 200 kwa kazi ya bonde la Msimbazi, na katika mpango huo mna daraja refu la Jangwani lililoinuka juu ya maji, na kuchimba mto, na kuliacha bonde la chini liwe bustani ya watu wote badala ya makazi. Nyumba nyingi zimebomolewa baada ya wenyewe kulipwa fidia, na mama jirani yangu ni mmoja wa waliolipwa. Sasa anakaa Mbagala. Mimi naona mpango ni mwema. Jangwa katika Kiswahili cha wazee ni uwanda mtupu, na waliopaita mahali pale Jangwani walikuwa wamekwisha kutuambia. Walakini mpango wo wote una mstari wake, na nje ya mstari kuna nyumba, na yangu iko nje kwa hatua chache. Maji hayakusoma ramani.

Basi ombi langu ni dogo. Katika chama hiki wako wanachama wakaao Gongo la Mboto, na Ulongoni, na Vingunguti, na Tabata, na Kigogo, na Hananasifu. Nawajua kwa kuwa nimezipitia anwani zenu katika orodha ya ada, nami naomba radhi kwa katibu. Kama mmoja katika kila mtaa atachora alama juu ya kitu kisichoondoka, zege au jiwe, si boriti, akasoma asubuhi na jioni wakati wa mvua, na maji yakipita mstari tuliokubaliana akampigia simu mwenzake wa mtaa wa chini, basi mtu wa Kigogo atapata saa moja na mtu wa Hananasifu zaidi ya hiyo. Haihitaji fedha za chama. Yahitaji mtu wa kuamka usiku, na mtu wa pili wa kushika zamu akisafiri wa kwanza. Mimi zamu yangu hushikwa na binti wa yule mama, ambaye alikuwa mgongoni mwaka 2011. Sasa yuko kidato cha nne, hupanda daladala kutoka Mbagala siku za Jumamosi za masika aje asome mstari, na hati yake ni nzuri kuliko yangu.

Nimeleta daftari, liko mezani. Litazameni lakini msiligeuze kurasa kwa mkono uliolowa chai. Nimeleta pia orodha ya siku za bamvua za masika ijayo, nakala 30, kila mtu achukue moja. Rangi nyeupe imebaki nusu ya kopo na nyeusi robo. Walio tayari wanione hapo mlangoni kabla hatujaondoka, waniambie mtaa wao na nguzo wanayoikusudia, tukubaliane sifuri ianzie wapi.